CD ya kwaya ya mama imekwama wimbo wa saba, kompyuta inasoma saa tano haimalizi. Naomba msaada kabla sijaiharibu

Binti_Tabata · Jumamosi, saa 3:10 usiku

Wakuu salaam. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mama yangu aliimba kwaya ya usharika miaka mingi. Mwaka 2005 walirekodi nyimbo kumi kwenye studio moja Kariakoo. Hazikwenda kiwandani. Studio iliwachomea CD chache tu, viongozi wa sauti wakagawana. Mama alifariki mwaka juzi. Katika wimbo wa saba yeye ndiye anayeanzisha kila ubeti, peke yake, ndipo wenzake wanaitikia. Ukiacha sauti chache za WhatsApp, hiyo ndiyo sauti yake tuliyobaki nayo.

CD ilikaa kwenye gari la baba karibu miaka kumi, jua la Dar mnalijua. Sasa nataka kuihamishia kwenye kompyuta, na nataka itoke kama ilivyo, siyo ilimradi inasikika. Natumia programu ya Exact Audio Copy (EAC) kwenye Windows 10, draivu ni ya nje, ya USB. Wimbo wa 1 mpaka wa 6 ilikuwa dakika chache kila mmoja. Wa 7 ukafika asilimia 31 ukagoma. Vile vitaa vyekundu vya kusahihisha makosa vinawaka mstari mzima. Draivu inavuma, inatulia, inavuma tena. Nimeanza saa kumi jioni na mpaka sasa imesogea asilimia moja.

Kinachonichanganya ni kwamba CD hiyohiyo kwenye redio ya gari inapiga wimbo mzima bila kukatika. Ubovu uko wapi? Kwenye draivu, programu au CD? Nikatishe au niiache mpaka asubuhi?

---

Mzee_wa_Mbezi · saa 3:22 usiku

Toa hiyo programu weka Windows Media Player, dakika tano umemaliza. Nimehamisha CD zaidi ya mia kwa njia hiyo, hakuna shida.

---

Sauti_ya_Ilala · saa 3:58 usiku

Binti, pole kwa msiba wa mama. Nimekaa kwenye vyumba vya kurekodi tangu enzi za tepu za rili, acha nikueleze taratibu.

Kwanza katisha. Draivu ndogo za USB zikihangaika saa nyingi zinachemka, na kwa uzoefu wangu draivu iliyochemka inasoma vibaya kuliko ilivyoanza. Hautapoteza kitu, nyimbo sita ulizokwisha kutoa zipo.

Sasa kwa nini gari inapiga na kompyuta inagoma. Sauti kwenye CD ni sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila moja biti 16, kushoto na kulia. Philips na Sony walipotengeneza utaratibu huu mwaka 1980 walijua fika kwamba CD itakwaruzika, kwa hiyo data ya sehemu moja ya wimbo hawakuipanga mahali pamoja. Waliitawanya kwenye njia ya leza na kuichanganya na data ya ziada ya kusahihishia. Ni kama mtu anayeingia Kariakoo na hela zake kazigawa mifuko sita: kibaka akipata mmoja, nauli ya kurudi bado ipo. Mkwaruzo unaofunika kama milimita 2.5 za njia hiyo unaweza kurekebishwa wote, biti kwa biti, usijue kama ulikuwepo.

Ukizidi hapo, redio ya gari haina muda wa kurudi nyuma kwa sababu wimbo unaendelea. Inachofanya ni kukisia. Inachukua sampuli ya kabla na ya baada, inajaza katikati. Sikio halishtuki. Ndiyo maana baba anasikia wimbo mzima, na kweli ni mzima masikioni, lakini kuna vipande ambavyo mama hakuviimba. Redio imevibuni.

Programu yako imekataa kubuni, na muda wote huo unaishia hapo. Kila sekunde ya sauti imegawanywa vipande 75 viitwavyo sekta. Kila sekta inasomwa angalau mara mbili. Majibu yakilingana, inasonga. Yakitofautiana inaisoma tena mara 16 na kungoja walau majibu 8 yafanane. Ikishindikana inarudia zile 16, na kama umeiweka kwenye kiwango cha juu inarudia mpaka raundi 5. Jumla mara 82 kwa sehemu moja. Chukulia kila usomaji na kurudi kwake ni sekunde 2. Hapo sehemu moja tu inakula karibu dakika 3. Zikiwa sehemu mia, ni saa nne na nusu.

Kwa hiyo programu haijaharibika. Ila nayo haijui kuacha pale ambapo hakuna cha kusoma, na hilo itabidi uamue wewe.

---

Mzee_wa_Mbezi · saa 4:05 usiku

Shikamoo mzee. Kumbe zile CD zangu mia huenda zina vipande vya kubuni?

---

Sauti_ya_Ilala · saa 4:11 usiku

Marahaba. Zilizokuwa safi hazina shida, nakala ni ileile. Zilizokwaruzika ndizo huwezi kujua, maana njia uliyotumia haikuambii.

---

kibo_linux · saa 4:30 usiku

Dada, mimi ningetumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Ilinisaidia DVD ya picha za harusi ilipokufa: inaruka palipoharibika, inachukua pazima kwanza, halafu inarudi kwenye mabaki.

---

Sauti_ya_Ilala · saa 4:41 usiku

Kwa DVD ya mafaili ni sawa kabisa. Kwa CD ya sauti haifanyi kazi, kwa sababu mfumo hauioni kama diski yenye mafaili. Hata sekta zenyewe ni tofauti. Ya sauti ni baiti 2,352, zote sauti tupu. Ya data imebeba baiti 2,048 za data, na sehemu kubwa ya nafasi iliyobaki ni ngazi nyingine ya kusahihisha makosa. Ngazi hiyo kwenye CD ya sauti haipo. Kwenye Linux tumia cdparanoia, imetengenezwa kwa kazi hii.

Lakini wazo lako la kuchukua pazima kwanza ni zuri na namshauri binti alifuate. Toa wimbo wa 8, 9 na 10 leo, wa 7 uje mwisho. Usiache wimbo mmoja ukuzuilie mingine wakati CD yenyewe inazeeka.

---

Binti_Tabata · Jumapili, saa 2:15 usiku

Asante sana mzee wangu, na shikamoo. Nimekatisha jana ileile. Wa 8 na wa 9 zimetoka safi. Wa 10 umechukua dakika 40 na ripoti imenionyesha sehemu tatu za kutiliwa shaka, na dakika na sekunde zake imeziandika.

Leo baada ya ibada nimeitazama CD vizuri. Upande wa chini una ukungu fulani wa mafuta, nadhani vidole na vumbi la gari, na mikwaruzo mingi. Mingi inatoka katikati kwenda nje. Mmoja unafuata mduara, kama robo ya kidole, katikati ya CD. Juu kuna stika ya karatasi yenye jina la kwaya, imeanza kunyanyuka pembeni.

Rafiki yangu ananiambia nipake dawa ya meno. Nipake?

---

Fundi_Aggrey · saa 2:40 usiku

Usipake chochote bado! Nimetengeneza draivu na deki miaka mingi, na CD nyingi huwa zinaharibiwa na tiba.

Maji ya kawaida, tone moja la sabuni ya vyombo, kidole chako mwenyewe. Suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa au cha miwani. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Ukizungusha na kuna chembe ya mchanga, unachora mkwaruzo unaofuata njia ya leza. Leza ikiuvuka mkwaruzo wa kukatiza inapoteza kidogo na inafika upande wa pili. Huo wa mduara inatembea ndani yake muda wote, data inayopotea inaungana, na uwezo wa kusahihisha unaisha. Huo wako ulio katikati ya CD ndio ninaoushuku kwa wimbo wa 7, maana CD inasomwa kuanzia ndani kwenda nje.

Stika usiibandue! Hapo watu wengi hawajui. Upande wa chini ni plastiki ya unene wa milimita 1.2, ngumu, inavumilia. Upande wa juu, kinachotenganisha stika na tabaka la kuakisi leza ni vanishi nyembamba tu. Ukivuta stika, tabaka linakuja nalo, na hapo hata draivu ya mbinguni haisomi.

Fanya jambo moja. Usiku, zima taa, washa tochi ya simu, weka CD mbele yake uso wa chini ukutazame. Angalia kama kuna vitundu vinavyopitisha mwanga.

---

Binti_Tabata · saa 3:20 usiku

Nimeiosha kama ulivyosema. Nimewasha tochi.

Kuna kitundu kimoja. Kidogo kama ncha ya sindano, palepale stika ilipoanza kunyanyuka na kukunjika kuelekea ndani. Kinang'aa kama nyota.

---

Fundi_Aggrey · saa 3:26 usiku

Hapo tabaka limeondoka. Pole dada. Hicho hakisafishiki.

Ila kimoja si kingi, na hatujajua kama kiko kwenye wimbo wa 7. Jaribu upya sasa ikiwa safi. Punguza kasi iwe mara 4 au 8 ya kawaida kama draivu inakubali. Kwa CD iliyopinda au yenye mikwaruzo, kasi ndogo mara nyingi inaipa lenzi nafasi ya kuufuata mstari. Mara nyingi, siyo kila mara. Nimeona draivu zinazosoma vizuri zaidi kasi ya kati kuliko ya chini.

---

kibo_linux · saa 3:50 usiku

Naongeza jambo linalosahaulika: kumbukumbu ya ndani ya draivu. Draivu nyingi huhifadhi zilichosoma sekunde chache zilizopita. Programu ikiomba sekta ileile mara ya pili, draivu haigusi CD, inatoa jibu lilelile la mwanzo. Majibu mawili yanalingana na wewe unadhani umethibitisha, kumbe umesoma mara moja. Kwenye mipangilio ya draivu mwambie EAC kwamba draivu inahifadhi sauti. Itakuwa polepole zaidi, kwa sababu kila mara inasoma sehemu nyingine kwanza ili kuifuta kumbukumbu hiyo, lakini usomaji unakuwa wa kweli.

Na ile alama ya kutumia taarifa za makosa za draivu yenyewe, iitwayo C2, iondoe. Inaharakisha sana kwenye draivu inayosema kweli, ila kuna zinazosema "hakuna kosa" wakati lipo.

---

Mama_Kaswida · Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Nimesoma uzi wote kabla ya kwenda kazini. Mimi nina CD za kaswida za marehemu babu, hali yake ni kama hiyo. Swali: si kuna hazina ya mtandaoni inayolinganisha nakala yako na za watu wengine? Dada angejua haraka kama imetoka sawa.

---

Sauti_ya_Ilala · saa 1:40 asubuhi

Ipo, inaitwa AccurateRip. Ipo pia ya CUETools, ambayo inaweza hata kurekebisha uharibifu mdogo kwa data ya ziada iliyohifadhiwa. Lakini zote zinaishi kwa watu wengi kuwa na CD ileile. CD ya kwaya iliyochomwa chache pale Kariakoo haimo humo, na kaswida za babu yako hazimo. Muziki wetu mwingi hauna shahidi huko.

Shahidi wako unamtengeneza mwenyewe: soma wimbo mara mbili, kwa kujaribu kisha kunakili, na programu itakupa namba ya uhakiki kila mara. Namba zikilingana, ni dalili nzuri. Zikilingana kwenye draivu mbili tofauti, mimi nalala. Ila kwa draivu mbili hakikisha umeweka sahihi tofauti ya kuanzia. Kila modeli huanza kusoma sampuli kadhaa mbele au nyuma, nyingine 6, nyingine 667, na usiporekebisha hilo namba hazitalingana hata kama sauti ni ileile.

---

Binti_Tabata · Jumanne, saa 4:30 usiku

Nimepiga hatua. Jana umeme ulikatika katikati ya kazi nikaanza upya, leo nimemaliza.

Mchana nilipita Kariakoo nikanunua draivu ya mtumba ya ndani, ya kompyuta ya mezani, na kifaa cha kuiunganisha na laptopu. Kwa draivu hii na CD ikiwa safi, ile asilimia 31 imepita! Imehangaika dakika kumi na mbili hivi, ikapita. Mkwaruzo wa mduara umesomeka.

Halafu ikagota asilimia 32. Nimeiacha saa moja, haikusogea. Nikapunguza kiwango cha kurudia kutoka raundi 5 kuwa 1 kama mzee alivyodokeza, ikamaliza na kuandika sehemu ya kutiliwa shaka: dakika 1 sekunde 34. Nadhani hicho ndicho kitundu.

Nimekwenda kusikiliza hapo. Ni mwanzo wa ubeti wa pili. Mama anavuta pumzi, unaisikia kabisa, halafu neno la kwanza linaanza na kuna mlio kama karatasi inachanwa, chini ya sekunde moja, kisha yupo tena.

Basi. Wimbo wote umetoka isipokuwa pale.

---

Fundi_Aggrey · saa 4:44 usiku

Hapo usirudie tena draivu hiyo wala nyingine. Data haipo kwenye CD. Ungeiacha mwaka mzima ingekupa jibu hilohilo.

---

Sauti_ya_Ilala · saa 5:02 usiku

Binti, umesema studio ilichoma CD chache na viongozi wa sauti wakagawana. Nani mwingine alipewa?

---

Binti_Tabata · saa 5:06 usiku

Mzee, sijui nilikuwa wapi muda wote huu. Shangazi wa sauti ya tatu yuko Mbagala. Namtafuta kesho.

---

Binti_Tabata · Jumamosi, saa 11:20 jioni

Nimerudi, wakuu. Simulizi ni ndefu lakini mmenibeba wiki nzima, mnastahili kuisikia.

Shangazi alikuwa nayo, ndani ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na sare ya kwaya. Stika ileile lakini haijanyanyuka. Nimeipiga tochi: hakuna kitundu. Nikadhani nimemaliza. Kumbe wimbo wa 7 wake nao umeharibika, dakika 3 na sekunde 41, mkwaruzo mkubwa chini. Wajukuu waliichezea.

Lakini hausogelei kabisa pale pangu palipoharibika. Yangu imepotea 1:34, yake 3:41. Na zote mbili zimechomwa kutoka kazi moja.

Nimesoma zote kwa draivu ileile, nikazifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, moja juu ya nyingine. Hazikulingana. Nikavuta picha ya wimbi karibu, karibu zaidi, mpaka nikaona nukta moja moja. Yake imechelewa kwa sampuli 12. Kibo akaniambia pembeni kwamba kila kifaa cha kuchomea nacho kina tofauti yake, pengine walichoma kwa mashine mbili. Nikaisogeza hizo 12.

Mzee alinielekeza nigeuze wimbi la moja juu chini kisha nipige zote pamoja. Zikiwa sawa zinafutana. Nikabonyeza. Kimya. Kimya kabisa, sekunde baada ya sekunde, kwaya nzima inaimba mara mbili na spika hazitoi kitu. Ikafika 1:34: tsss. Kimya tena. Ikafika 3:41: tsss ndefu kidogo. Kimya mpaka mwisho. Sijawahi kufurahia ukimya namna ile.

Nimekata sekunde mbili za kwake kuanzia 1:33 nikaziweka kwenye yangu, kisha nikahifadhi kwa biti 16 nikiwa nimezima ile dither inayoongeza mvumo mdogo wakati wa kuhifadhi. Neno la kwanza la ubeti wa pili limerudi. Ni "Nitakwenda". Nilikuwa nimesahau kwamba analivuta hivyo.

---

Mama_Kaswida · saa 11:41 jioni

Machozi yamenitoka ndani ya daladala.

---

Sauti_ya_Ilala · saa 12:15 jioni

Hongera sana, binti. Sasa hifadhi kwa FLAC, haipotezi kitu. MP3 itengeneze kwa ajili ya simu tu. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, zisikae nyumba moja. Na ile CD ya shangazi irudishe na nakala safi ya nyimbo zote kumi, maana baadhi ya nyimbo zako zina kasoro ambazo kwake huenda hazipo, na kinyume chake.

---

Binti_Tabata · saa 12:30 jioni

Ndiyo mzee, wimbo wa 10 tayari nimeutengeneza kwa njia hiyohiyo, sehemu zote tatu zimepona. Shangazi ameomba CD tano mpya za wenzake walio hai, na kaseti moja ya mwaka 1998 amenipa niijaribu. Baba amesikiliza wimbo wa saba mara moja, akasema nirudishe pale ubeti wa pili.

---

Mzee_wa_Mbezi · saa 1:02 usiku

Dada, hiyo draivu ya mtumba uliipata shilingi ngapi? Nimezipitia CD zangu, zilizokwaruzika ni kama ishirini. Nataka kuzirudia.

---

Binti_Tabata · saa 1:10 usiku

Elfu kumi na tano, kifaa cha kuunganishia ni mbali. Nenda na CD yako mbovu kabisa, umwombe muuzaji aijaribu palepale kabla hujalipa.